Kisima kipya kina floraidi 4.2, chemchemi ya zamani ina vijidudu: tuwape watu maji yapi?

Mjumbe wa Kamati

Wakuu heshima kwenu. Naomba mawazo ya wanaojua mambo ya maji maana huku kwetu tumegawanyika na mi ndo katibu wa chombo chetu cha maji kwahiyo kila mtu ananiangalia mimi.

Kijiji chetu kiko Arumeru, upande wa chini wa Mlima Meru. Tuna vyanzo viwili. Cha kwanza ni chemchemi iko juu huko karibu na msitu, wazee wamekunywa hapo tangu enzi, ilijengewa chemba zamani na bomba la kuleta maji kijijini, sasa hivi mfuniko umepasuka, uzio hakuna, ng'ombe wanapita hapohapo na mvua ikinyesha maji yanakuja na tope. Cha pili ni kisima kirefu tulichochimbiwa na mfadhili, pampu ya sola, tenki la lita 50,000 na vilula sita. Maji meupe, ya baridi, hayana harufu, watu wamefurahi sana ndoo ni sh 50 na akina mama hawapandi tena kilima.

Sasa majibu ya maabara yamekuja. Kisima: E. coli (vijidudu vya kinyesi) sifuri, tope hakuna, floraidi (yale madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi) miligramu 4.2 kwa lita. Chemchemi: floraidi 0.9 lakini E. coli 38 kwenye mililita 100.

Kwenye kikao kila mtu na lake. Mkandarasi anasema 4 inaruhusiwa, hiyo 0.2 iliyozidi si kitu. Mzee mmoja akasimama akasema sisi wote meno yetu ya kahawia na tumezeeka vizuri tu. Mwingine anasema watu wachemshe. Mwenyekiti anataka kisima kizinduliwe rasmi na chemchemi ifungwe kabisa kwasababu ina "kipindupindu". Mi roho inasita, nina watoto wadogo wawili na kaka yangu ana mtoto miguu imepinda. Je hayo maji ya kisima yanafaa au hayafai? Na kama hayafai tunafanyaje na watu wameshayazoea?

---

FundiBomba

Mkuu kwanza hongera kwa kutunza hayo majibu, kamati nyingi karatasi ya maabara inaishia kwenye droo ya mtendaji.

Hiyo 4 anayoisema mkandarasi ilikuwepo kweli. Tanzania mwaka 1974 tuliwekewa kiwango cha muda cha 8 kwa maji ya vijijini kwasababu maeneo mengi chanzo kingine hakukuwa, baadae ikawa 4. Sasa hivi kiwango cha taifa ni 1.5, sawasawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kwahiyo maji yako hayajazidi kwa 0.2, yamezidi karibu mara tatu. Mwambie alete hiyo karatasi inayosema 4 na aangalie ni ya mwaka gani.

Pili, kuchemsha. Hili naomba ulisimamie kwa nguvu kikaoni kwasababu linadanganya watu wengi sana wenye nia njema. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi ni madini yaliyoyeyuka hayafi wala hayapai na mvuke, mvuke unatoka ni maji matupu na floraidi inabaki sufuriani, kwahiyo ukichemsha sana inaongezeka kidogo. WaterGuard, ile dawa ya klorini ya kutia maji ya kunywa nyumbani, pia haiondoi floraidi. Chujio la kitambaa au la mchanga halitoi. Kuyaacha usiku yatulie haisaidii kitu.

Tatu na hapa ndo jibu lenyewe. Una matatizo mawili yasiyofanana, moja linatibika kwa klorini ya shilingi chache na jingine halitibiki kirahisi. Vijidudu vya chemchemi unaweza kuvimaliza ndani ya nusu saa. Floraidi ya kisima huwezi kuitoa bila mtambo, na huo mtambo unataka mtu wa kuusimamia miaka yote. Kwahiyo mi nisingefunga chemchemi hata kidogo, ningeitengeneza. Chemchemi iwe ya kunywa na kupikia, kisima kiwe cha kufua, kuoga, kudekia, kufyatulia tofali. Mwenyekiti anaona E. coli anaona kifo, sawa ana haki ya kuogopa, kuhara kunaua mtoto ndani ya siku mbili tatu. Ila ya chemchemi dawa yake iko dukani, mfupa wa mtoto ukishapinda hakuna duka.

---

Mama Wawili

Mi si fundi ila nimezaliwa Meru na nimekulia kwenye hayo maji naomba nami niseme. Meno yangu ni ya kahawia yenye vishimo, shuleni Moshi wenzangu walikuwa wananiuliza kama sipigi mswaki, mpaka leo nikicheka mkono unaenda mdomoni wenyewe. Huyo mzee anaesema tumezeeka vizuri amwangalie vizuri babu asiyeweza kugeuza shingo na bibi asiyeweza kunyooka kiuno, wengi tunasema ni uzee au tunasema ni baridi ya mlima.

Nilifundishwa na daktari wa meno kwamba meno ya mbele ya mtoto yanaharibika yakiwa bado ndani ya fizi, miaka ile mitatu minne ya mwanzo ndo hatari zaidi, na mpaka kama miaka minane bado meno mengine yanajengeka. Jino likishatoka lina rangi huwezi kulirudisha kwa mswaki. Kwahiyo kama maji salama hayatoshi wote, tafadhali ANZENI NA WATOTO. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka minane wapate ya chemchemi au ya mvua kwanza, na shule ya msingi na chekechea pia maana mtoto anakunywa maji shuleni vilevile.

Kingine hamjakitaja ni MAGADI. Sisi huku maharage magadi, kande magadi, loshoro magadi. Yale magadi yana floraidi nyingi sana, unaweza ukabadilisha maji na bado ukamlisha mtoto floraidi kwenye sahani. Loweka maharage usiku mwaga maji yake upike bila magadi, yanachelewa kuiva kidogo ila yanaiva.

Mtoto wa kaka yako apelekwe hospitali jamani, miguu kupinda inaweza kuwa floraidi na inaweza kuwa lishe, wapime kwanza.

---

MaabaraMaji

Nafanya kazi ya kupima maji, si mkoa huo. FundiBomba kasema vizuri, naongezea upande wa vipimo kwasababu uamuzi mkubwa hivi hautakiwi kusimama kwenye sampuli moja.

Mjumbe, hizo sampuli zilichukuliwa lini na nani? Chemchemi ipimwe kiangazi na ipimwe tena masika baada ya mvua kubwa, hapo ndo utaona sura yake halisi. Kisima kipimwe floraidi tena pampu ikiwa imefanya kazi masaa kadhaa, sio maji ya kwanza yaliyolala kwenye bomba. Na mpime kwenye chanzo, kwenye tenki, na kwenye kilula cha mwisho kabisa, kwasababu chanzo kinaweza kuwa safi halafu uchafu ukaingia njiani bomba likipasuka kwenye matope.

Sampuli ya vijidudu ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, koki ichomwe kwanza kwa moto kama ni ya chuma, maji yaachwe yatiririke kidogo, usiguse mdomo wa chupa, weka kwenye boksi la barafu na ifike maabara ndani ya masaa sita ikiwezekana, zaidi ya masaa 24 usiipeleke. Kama maji yana klorini mwombe mtu wa maabara chupa yenye dawa ya kuizima, la sivyo klorini inaendelea kuua ndani ya chupa na jibu linakuja zuri kuliko ukweli. Sampuli ya floraidi iwe ya chupa ya plastiki, sio ya kioo.

Na ukipewa karatasi iliyoandikwa "maji yanafaa" angalia ni vipimo gani vilifanyika. Nimeona vyanzo vinapewa hilo neno kwa kupima rangi, tope, pH (kipimo cha ukali wa tindikali) na vijidudu tu, floraidi haijaguswa, na kwa ukanda wa Meru, Kilimanjaro, Singida huwezi kuruka floraidi. Miamba ya volkano ndo inayotoa hayo madini, na maji yenye kalsiamu kidogo yanaibeba zaidi kwasababu kalsiamu huwa inaishika floraidi na kuituliza chini. Ndo maana unakuta vyanzo viwili vya kijiji kimoja vinatofautiana hivyo, na ndo maana kisima kuwa kirefu sio dhamana yoyote.

Sasa klorini ya chemchemi. Kwanza mtengeneze chanzo kabla hamjaweka hata gramu moja: mfuniko mpya wenye kufuli, uzio, mfereji wa kukinga maji ya mvua upande wa juu, ng'ombe wawekewe birika lao chini mbali, hakuna choo wala shamba la mbolea juu yake, ile mita 60 ya vyanzo vya maji iheshimiwe. Maji yenye tope yanakula klorini na vijidudu vinajificha kwenye tope. Yakishakuwa meupe, mfano una tenki la lita 50,000 na unataka miligramu 1.5 kwa lita, hiyo ni gramu 75 za klorini yenyewe. Klorini ya unga ile ya HTH ina asilimia 65 hivi kwahiyo unahitaji kama gramu 115 za unga. Koroga pembeni kwenye ndoo ya plastiki, acha chokaa itulie, mimina maji ya juu tenkini, subiri nusu saa ndo ufungulie watu. Halafu pima kilula cha mwisho kwa kile kifaa cha vidonge kinachogeuza maji pinki. Ukikuta 0.2 mpaka 0.5 uko vizuri. Ukikuta sifuri ongeza kidogo kesho yake. Hesabu yangu ni ya kuanzia tu, kila maji yana mahitaji yake, na pH ikizidi 8 klorini inafanya kazi polepole, mpe muda zaidi.

Huyo anaechanganya avae glavu na miwani, klorini iwekwe sehemu kavu yenye hewa mbali na mafuta ya taa na dizeli. Nasisitiza hilo, inaweza kuwaka.

---

Bonde la Ufa

Niko Nakuru, Kenya. Hii shida yenu ni yetu pia, bonde la ufa lote hili kutoka Ethiopia linatusumbua.

Huku Nakuru Dayosisi ya Kikatoliki ilikuwa na kazi ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, na ninyi hapo kwenu mna kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamefanya kazi hiyohiyo miaka mingi, hebu nenda ukawaone kabla hamjanunua kitu chochote kwa mtu. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru bila hewa nyingi, inasagwa punje punje, inaoshwa, inawekwa kwenye ndoo au tangi na maji yanapita polepole. Inaondoa floraidi kweli, nimeona.

Lakini usiambiwe ni dawa ya milele. Mkaa unachoka. Maji yatatoka yakiwa meupe na matamu vilevile lakini floraidi imeshaanza kupita na hakuna mtu anaona kwa macho, kwa hiyo lazima upime kila baada ya muda na ubadilishe mkaa. Vijiji vingi hapo ndio vinaangukia, mfadhili akiondoka hakuna anayebadilisha. Ikichomwa vibaya maji yananuka na watu wanaacha. Na uliza wazee na waumini mapema kuhusu mifupa ni ya mnyama gani, usije ukaweka mtambo halafu nusu ya kijiji ikakataa kunywa.

Kama chemchemi yenu kweli ni 0.9 na maji ni mengi, mimi singesumbuka na mifupa.

---

Mbongo Ontario

Naishi Canada mkoa wa Ontario, naomba niseme jambo moja kuhusu daftari maana Mjumbe amesema yeye ni katibu.

Huku kuna mji mdogo unaitwa Walkerton, watu kama 5,000. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha ikasomba samadi ya ng'ombe mpaka kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua, nchi tajiri, mabomba mpaka jikoni. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana waendeshaji walikuwa wanaweka klorini kidogo kuliko inavyotakiwa na kwenye daftari wanaandika namba ambazo hawakupima. Majibu ya maabara yalipokuja mabaya waliyaficha. Baada ya hapo sheria za maji ya kunywa za mkoa zikaandikwa upya, na waendeshaji mpaka wa mitambo midogo wanasomeshwa na kupewa cheti.

Kwahiyo ndugu yangu daftari lenu liwe na tarehe, saa, kilula gani, namba iliyosomwa na jina la aliyepima. Siku ambayo hakupima aandike hakupima. Namba ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu maana nafasi tupu inamfanya mtu aulize.

---

Mjumbe wa Kamati

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mwenyekiti kwenye simu. Swali la magadi limewashtua wengi hapa nyumbani, mama mkwe amekasirika kidogo lakini anasikiliza.

Maswali yaliyobaki. Moja, chemchemi kiangazi inapungua, haitoshi kijiji kizima kwa kazi zote. Je tunaweza kuchanganya na ya kisima ili yatoshe? Mbili, watu wengine wanasema klorini inaharibu uzazi na maji yananuka hospitali. Tatu, maji ya mvua vipi, nyumba nyingi sasa zina bati.

---

FundiBomba

Kuchanganya inawezekana na ni hesabu ya kawaida. Kwa namba zako, ndoo moja ya kisima kwa ndoo tano za chemchemi inakupa floraidi kama 1.45, hapo uko ndani ya 1.5 lakini umebana sana. Ukiweka ndoo mbili kwa tano umeshapita, unafika 1.8 na ushee. Kwahiyo kuchanganya kunakuongezea maji kidogo tu, sio suluhisho la kiangazi, na inataka mita kwenye mabomba yote mawili ili mwendeshaji asikadirie kwa macho. Mi ningependa mabomba yabaki tofauti, vilula vya chemchemi vipakwe rangi ya bluu na vya kisima nyekundu na maandishi makubwa ukutani YA KUFULIA TU, hata mtoto anaetumwa ajue. Mtu kunywa na kupika anahitaji kama lita 5 kwa siku, sio 50, kwahiyo hata chemchemi ikipungua piga hesabu ya kunywa na kupikia peke yake, unaweza ukakuta inatosha.

Mvua ni nzuri sana haina floraidi ya kuhesabika. Nyumba ya watu 6 kwa lita 5 kila mmoja ni lita 30 kwa siku, kutoka Juni mpaka Oktoba ni kama lita 4,500, kwahiyo simtank la 5,000 linawavusha mpaka vuli. Bati la mita za mraba 40 linakupa lita 3,000 na kitu kwa kila milimita 100 za mvua kwahiyo masika inalijaza. Shida ni bei ya tenki, familia nyingi hawawezi kwa mkupuo. Anzeni na shule na zahanati, paa zao ni kubwa, na familia mnaweza kwenda kwa vikundi vya kukopeshana tenki moja moja. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe maana yana kinyesi cha ndege na vumbi la bati, tenki lifunikwe, na ya kunywa bado yatiwe WaterGuard.

---

Mama Wawili

Hilo la uzazi tumelisikia sana kwenye chanjo na kwenye dawa za maji, ukibishana na mtu mbele ya watu anakaza zaidi. Mwite nesi wa zahanati aje kwenye mkutano na yeye anywe mbele yao, na wajumbe wote wanywe. Harufu ikizidi ni kwamba dozi ni kubwa, mpunguze. Maji yakikaa kwenye ndoo yenye mfuniko kwa muda harufu inapungua.

---

MaabaraMaji

Naunga mkono. Kwa 0.2 mpaka 0.5 harufu ni ndogo, na maji ya bomba ya miji yanatiwa klorini hiyohiyo.

Mjumbe kabla ya mkutano nenda ofisi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini) ya wilaya na hayo majibu mkononi. Tangu sheria ya maji ya 2019 vyombo vya watumia maji kama chenu viko chini ya usimamizi wao, waombe kwa barua warudie kupima vyanzo vyote viwili na waandike pendekezo lao. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala ibaki kwako. Na kisima kisizinduliwe kama maji ya kunywa mpaka jibu lije, kizinduliwe kama maji ya matumizi mengine, mfadhili akielezwa vizuri ataelewa, huenda hata hela ya uzio na mfuniko wa chemchemi ikapatikana kwake.

---

Mjumbe wa Kamati

Barua naandika usiku huu. Mwenyekiti amekubali chemchemi isifungwe, amekubali pia rangi za vilula, uzinduzi bado anaubishia ila amesema atasubiri kikao. Vijana wa kuchimba mfereji wa mvua pale juu nimeshawapata, wanaanza Jumamosi. MaabaraMaji nikikosa mtu wa kunifundisha kile kifaa cha kugeuza maji pinki nitakutafuta inbox, na nikipata majibu mapya ya floraidi ntayaweka hapahapa na tarehe zake.

---

MaabaraMaji

Nitafute tu. Weka na majibu ya kilula cha mwisho, usisahau.